Mwalimu wa malimbikizo

Novemba 2012 nilikuwa nasimamia meza ya puli ya mjomba wangu kwenye grosari moja Magomeni, Mtwara mjini. Nafika saa nne, napiga brashi kitambaa, nafuta mipira kwa tambara bichi, nachenji noti za watu ziwe sarafu za mia mbili, maana meza ilikuwa inakula mia mbili tu. (Hii ya mia tano ilikuja 2014.) Usiku nafungua droo ya chini kwa ufunguo, nahesabu, naandika kwenye daftari, na kila Jumatatu nampelekea mjomba hesabu yake Chikongola. Mshahara haukuwepo. Nilikuwa napata theluthi ya kilichoingia, na ruhusa ya kucheza bure pakiwa patupu.

Ruhusa hiyo ndiyo iliyoniponza. Mtu akicheza meza moja saa tano kwa siku, mwaka mzima, anaijua kama mwendesha boda anavyoyajua mashimo ya mtaani kwake. Meza yetu ilikuwa imelala kidogo upande wa chooni. Mjomba alitia kipande cha mkorosho chini ya mguu, bado ikalala. Ukingo mmoja ulikuwa umekufa, mpira ukigonga pale haurudi na nguvu, unajikokota. Na mweupe, ule mpira unaopigwa kwa fimbo ukaigonge mingine, ulikuwa mdogo kuliko wenzake, kama kwa upana wa punje ya mchele. Meza nyingi za sarafu ziko hivyo: udogo ule ndio unaoufanya mfereji wa ndani uutenge mweupe ukizama na kuurudisha peke yake, mingine ikibaki imefungiwa mpaka sarafu nyingine iingie. Mambo yote hayo nilikuwa nayajua kwa mkono, sikuwa nayafikiria. Madereva, vibarua wa bandarini, wageni walioletwa mjini na habari ya gesi, wote nilikuwa nawafunga, mpaka wakaniita fundi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ufundi wangu uliishia kwenye miguu minne ya meza ile.

Mwalimu alikuja siku ya Jumatano. Shati la mikono mirefu limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, bahasha ya kaki kwapani. Akasema anafundisha shule ya msingi huko Nanyumbu, amekuja mkoani kufuatilia malimbikizo ya mshahara, ameambiwa arudi Jumatatu. Sijui kama kuna hadithi inayoaminika nchi hii kuliko ya mwalimu anayedai malimbikizo. Hata bia yake ya kwanza kuna mtu alimnunulia.

Siku hiyo hakugusa fimbo. Alikaa na ile bia mpaka ikatoka jasho lote, lebo ikaanza kubanduka, chupa iko nusu. Mimi nikajua anabana matumizi. Mchezo mmoja ulipokwisha ukabaki mpira mmoja juu ya meza, akanyanyuka, akausukuma kwa mkono, taratibu kabisa, kuelekea kona ya chooni, akaungoja mpaka usimame. "Nakusaidia kupanga, mdogo wangu." Nikamwambia asante.

Alhamisi akaomba acheze na mimi, mshindwa anunue soda. Alipaka chaki kama anayetoboa ukuta: anaikita kwenye ncha ya fimbo, anaizungusha, unga unamwagikia kwenye viatu. Watu wakacheka. Sisi tunaocheza tunaipaka kwa kufuta tu, juu juu. Nami nilicheka, na kwa sababu nilikuwa nacheka sikuona kwamba mchezo mzima alikuwa akipaka mara moja moja, na kila alipopaka, pigo lililofuata lilikuwa lile la kuugonga mweupe pembeni ili ujizungushe. Bila chaki ncha inateleza kwenye mpira. Mtu asiyejua mchezo anapaka chaki kila mara kwa sababu ameona wengine wanapaka. Huyu alikuwa anapaka pale tu inapohitajika.

Kitu kingine nilikiona kabisa nikakipuuza. Mkono wa kulia ulikuwa wa kishamba, kiwiko kinapepea, fimbo anaishika kama mchi. Lakini ule wa kushoto unaolala mezani kubeba fimbo ulikuwa umekita vidole, kidole gumba kimenyanyuka kidogo, na hautikisiki hata nzi akitua. Mkono ule unaundwa na miaka. Unaweza kuuharibu mkono unaopiga ukitaka watu wakuone huna maana. Ukiuharibu na unaobeba, huna tena uhakika mpira utakwenda wapi, na mtu wa kazi ile hawezi kukubali kukosa uhakika.

Akanifunga mmoja, nikamfunga miwili. Ijumaa tukacheza kwa buku mbili, halafu tano. Na hapa nataka nieleze taratibu, kwa sababu ndipo ilipo kazi yenyewe.

Alikuwa anakosa. Alikosa sana. Ila ukikaa ukatafakari mipira aliyoikosa, karibu yote ilifika mdomoni mwa shimo ikasimama pale, inaning'inia. Mtu asiyejua akikosa, mpira unapotea, unagonga ukingo, unakwenda katikati ya meza. Mpira unaoning'inia mdomoni una kazi mbili: unaniziba mimi nisilitumie shimo lile, na kwake ni akiba, atakuja kuuchukua wakati wowote kwa pigo la kitoto. Kufikia katikati ya mchezo mashimo manne kati ya sita yalikuwa na mlinzi, nami nikawa najiuliza kwa nini leo meza imekuwa nyembamba.

Na mweupe. Kila alipokosa, mweupe ulikwenda ukasimama nyuma ya mpira wake mmoja, au ukabandika kwenye ule ukingo uliokufa, au ukabaki mbali kiasi kwamba napiga kwa kunyoosha mgongo mpaka mguu unaning'inia. Sikupata hata mara moja pigo la wazi baada ya kosa lake. Nikawa nasema, "Mwalimu una bahati mbaya lakini mimi ndiyo inayonikuta." Akacheka, akasema Mungu hamtupi mja wake.

Nilikuwa natazama mipira yake inaingia au haiingii. Kila mtu kwenye grosari alikuwa anatazama hicho. Mtu pekee aliyekuwa anatazama mweupe unasimama wapi alikuwa yeye.

Jioni ile mama anayeuza pweza pale nje, ambaye mchezo wa puli hajui hata unaanzia wapi, aliniita nikamchukulie maji. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyo anadai malimbikizo, mbona anatoa elfu tano kama anatoa kiberiti?" Nikamwambia mama, huyo ni mlevi tu. Ilikuwa bia yake ya pili tangu Jumatano.

Jumamosi walikuwepo watu wengi. Alikuwepo pia jamaa mmoja aliyekuwa akiuza simu za mitumba, alianza kuonekana Alhamisi, hajawahi kuongea na Mwalimu neno. Huyo alikuwa shabiki wangu. Ananisifia, ananipa moyo, anaweka dau pembeni kwa ajili yangu, na akiliwa anasema fundi kateleza tu, ngojeni. Wengine wakamfuata, wakawa wananiwekea na wao. Mwalimu akawa anazipokea zote, anasema jamani mtaniua, nitarudi na nini nyumbani.

Saa mbili usiku akaniomba kitu. "Mdogo wangu, wewe mkali. Nipunguzie." Maana yake nitoe mipira yake miwili mezani kabla hatujaanza, yeye abaki na mitano na mweusi wa kumalizia, mimi saba na mweusi. Mbele ya watu wale wote ningesemaje hapana? Mtu akikuomba umpunguzie anakuvisha kilemba. Nikaitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaizamisha kwenye shimo kwa maringo. Baadaye nilikuja kujua kwamba mchezo wa pesa humalizika pale pale kwenye mapatano, kabla mtu hajapiga.

Dau likaenda elfu kumi, ishirini. Alinishinda kwa mpira mmoja. Akanishinda kwa mpira mmoja tena. Nikamshinda mara moja, nikapumua. Sitasimulia yote. Saa tano usiku elfu sitini yangu ilikuwa imekwisha, nikafungua droo ya mjomba. Hesabu ya wiki ilikuwa elfu themanini na tano. Niliweka yote kwenye mchezo mmoja.

Akapasua yeye. Akapaka chaki polepole, kwa kufuta, kama watu wanavyopaka. Kiwiko kikatulia. Mitano ikaondoka bila mimi kunyanyuka kwenye stuli, na kila pigo mweupe ulijipeleka wenyewe pale pigo linalofuata lilipohitaji, hatua moja, hatua mbili, mpaka mweusi. Grosari nzima ikanyamaza. Hakuonyesha furaha wala nini. Akasema, "Leo imenikubali," akaniachia elfu tano ya supu.

Polisi uende ukaseme nini? Michezo ya pesa inataka leseni, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ipo tangu 2003, kwa hiyo ukishtaki kuliwa unajishtaki na wewe kucheza. Watu wa kazi hiyo wanalijua hilo kuliko mawakili.

Alfajiri nikaenda stendi, sina hata mpango, nilitaka kumwona tu usoni. Nilimkuta anakunywa chai na yule muuza simu. Wala hakushtuka. Akasogea kwenye benchi, akaniagizia chapati mbili, akasema, "Mdogo wangu, umepoteza vizuri. Hukutukana, hukurusha fimbo. Na watu wanakupenda." Akanirudishia elfu ishirini. Kisha akanieleza kwamba mwenzake anarudi kwao, na yeye anahitaji mtu wa kumsifia mpinzani.

Nilikwenda. Ningeweza kusema nilikuwa namkimbia mjomba, na kweli nilikuwa namkimbia, lakini ukweli mwingine ni kwamba nilitaka kujua alinifanyaje.

Tulifuata malipo ya korosho. Tangu 2007 korosho za kwetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka chama cha msingi, zinakwenda ghalani, zinapigwa mnada, na miaka ile pesa ilikuwa inarudi kwa awamu, malipo ya kwanza, ya pili, na mwishoni majaliwa, yaani nyongeza, kama yapo. Siku chama kilipokuwa kinalipa, kijiji hakikuwa na siri. Walikuwa wanakuja wauza mabati, wauza khanga, wauza redio na magodoro. Na sisi tulikuwemo. Mwalimu alikuwa na ratiba ya malipo kichwani kuliko katibu wa chama. Tulianzia Masasi, kilomita kama mia mbili kutoka Mtwara, tukapanda uwanda wa Makonde kwa barabara ya vumbi.

Kila mji alikuwa mtu mwingine. Masasi alikuwa fundi majokofu aliyeibiwa vifaa. Kwenye kijiji kimoja alikuwa bwana harusi anayesubiri mahari itimie, na hadithi ile ilimletea pombe ya bure usiku kucha, akawa anaimwaga chini ya dirisha. Mimi nilikuwa na kazi moja: kumpenda mpinzani. Nilijifunza kwamba mtu hatoi pesa kwa sababu unamdharau yule mwingine. Anatoa kwa sababu umemwambia yeye ni hodari, na moyoni alishaanza kuliamini kabla hujafika.

Aliokuwa anawakwepa ndio walionifundisha zaidi. Tuliingia kibanda kimoja, akatazama michezo miwili, akaniambia tunywe soda tuondoke. Kulikuwa na mzee wa balaghashia kwenye kona, anapiga taratibu, anakosa kama wengine. "Umemwona anatazama nini akishapiga?" Sikuwa nimeona. "Anatazama mweupe. Mpira umeingia, wote wanashangilia, yeye anatazama mweupe." Mwingine tuliyemkwepa alikuwa kijana aliyekataa kupunguziwa. Alisema mimi uwezo wangu siujui na wako siujui, tucheze sawa kwa soda. Mwalimu alimheshimu sana. Akalipa soda zote.

Na watu waliokuwa wanakasirika wakifungwa hakuwaogopa. Aliwaogopa wasiokasirika. Mtu aliyepoteza pesa aliyoihangaikia huwa anaitazama inavyoondoka, hata kama anacheka. Macho yanaisindikiza mpaka mfukoni mwa mwenzake. Asiyeisindikiza, ile si pesa yake, au anajua itarudi. Mama wa pweza aliliona hilo kutoka kwenye jiko lake, bila fimbo.

Baada ya siku kumi na sita fungu langu lilikuwa limefika laki na tisini. Nilikuwa nimepiga hesabu: ya mjomba inarudi, na inabaki. Tulikuwa Newala, kule baridi inaingia jioni watu wanavaa makoti, na mtu akikutembeza anakupeleka Shimo la Mungu utazame bonde la Ruvuma chini. Mwalimu alipata mpinzani, dereva wa lori la korosho, mwenye majivuno na pesa. Akaniambia leo ni ile kubwa, na wewe weka yako yote pembeni, tutoke wote.

Nikaweka.

Mwanzoni sikuelewa nilichokuwa nakiona. Mwalimu alikuwa anakosa, kama kawaida yake. Mipira inafika mdomoni inasimama, kama kawaida. Lakini mweupe ulikuwa unakimbia. Ulikwenda katikati ya meza ukasimama kweupe. Pigo lingine, kweupe tena. Dereva akapata njia, akaingiza, akakosa, Mwalimu akakosa, mweupe ukabaki umeegemea sehemu ambayo hata mama wa pweza angefunga. Kwa siku kumi na sita sikuwahi kuuona mweupe ule ukimwasi. Nilisimama na chupa mkononi, damu imeshuka, naelewa pigo baada ya pigo kwamba yule mtu hakuwa anacheza na dereva. Alikuwa anacheza na mimi, na dereva ndiye aliyekuwa kama nilivyokuwa mimi Masasi.

Ningepiga kelele ningesema nini? Kwamba sisi ni matapeli na mwenzangu ananitapeli? Aliliwa "kwa mpira mmoja", akainamisha kichwa, akanishika bega, akasema pole mdogo wangu, kazi ndiyo ilivyo. Asubuhi kondakta wa basi ndiye aliyeniambia mwenzangu ameondoka usiku, amepewa lifti na lori la korosho.

Nauli ya kurudi nililipa kwa kuuza simu. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama Mwalimu alikuwa kweli mwalimu. Nikasimamia meza yake miezi minne bila theluthi.

Baadaye nilipopata simu ya intaneti nilikuwa naangalia mabingwa usiku. Kuna Mfilipino, Efren Reyes, ambaye wengi wanamhesabu mmoja wa wachezaji bora waliowahi kuishi. Mwaka 1985 alikwenda Houston, Marekani, akaingia mashindano kwa jina la Cesar Morales, kwa sababu sifa za jina lake zilikuwa zimeshavuka bahari ingawa sura haikujulikana. Akashinda. Nilicheka peke yangu kitandani. Hata bingwa wa kiwango kile aliona jambo la kwanza ni watu wasijue wewe ni nani. Lakini nilipomtazama anavyocheza sikutazama mipira inayoingia. Nilishindwa. Jicho lilikwenda kwenye mweupe, na mpaka leo ndipo linapokwenda.

Mwaka jana nilikuwa Lindi kwa kazi, sasa nafunga viyoyozi. Jioni nikaingia mahali karibu na ufukwe kula samaki, kulikuwa na meza. Kijana wa boda, bado amevaa kizibao chake cha kung'aa, anacheza na kijana mwenzake mwenye begi la mgongoni, anayesema ni mwanafunzi anasubiri mkopo utoke. Mwanafunzi alikuwa anakosa vibaya. Alishika fimbo kama ufagio. Watu wanamcheka, naye anacheka nao.

Mashimo matatu yalikuwa na mlinzi.

Nilikula samaki wangu mpaka mchezo ukaisha. Boda alishinda, akatoka nje kujibu simu, nikamfuata. Nikamwambia mdogo wangu, samahani, usicheze na huyo kwa pesa. Utazame mweupe akishakosa, unasimama wapi. Alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Kaka, si umeona mwenyewe anavyokosa?"

"Nimeona."

"Sasa?"

Akarudi ndani. Sikumlaumu, na mimi niliambiwa na mama wa pweza. Nikaingia kulipa. Yule mwanafunzi alikuwa ameegemea meza, akaniamkia kwa heshima, shikamoo mzee, akaniuliza mbona sichezi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa rika lile kuniita mzee. Nikamwambia mgongo unaniuma.

Boda alikuwa anainamia meza, anatoa mipira miwili ya mwenzake mmoja mmoja, anaizamisha kwenye shimo. Pembeni yake mwanafunzi ameokota chaki. Alikuwa anaipaka polepole, kwa kufuta, kama mtu anayempaka mtoto mafuta kichwani.